Kibuyu Kabla ya Ushindi

Bingwa wa mbio anaporudi Bonde la Ufa na medali shingoni, picha itakayotoka magazetini kesho yake inajulikana hata kabla haijapigwa. Atashuka ndegeni, akina mama waliovalia mavazi ya sherehe watampokea kwa nyimbo, mmoja wao atamkabidhi kibuyu kilichonakshiwa kwa shanga, naye atakiinua mdomoni anywe mursik, maziwa ya mgando. Picha hiyo imepigwa mara nyingi katika uwanja wa ndege wa Eldoret na ule wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi, na kwa Wakenya wengi imekuwa muhuri wa ushindi. Inastahili heshima hiyo. Lakini inaonyesha tukio la dakika moja, ilhali kilichomo ndani ya kibuyu kimechukua siku kadhaa kutengenezwa na miaka mingi kujifunza. Mama anayekabidhi kibuyu anaonekana kwa sababu bingwa yupo. Kazi aliyoifanya jikoni kabla ya kufunga safari ya uwanja wa ndege haina picha.

Kazi yenyewe ina hatua nyingi. Kibuyu, ambacho Wakalenjin hukiita sotet, husafishwa kwa sosiot, kijiti chembamba cha mti wa jamii ya mtende ambacho ncha yake imechambuliwa nyuzi. Tawi la senetwet huchomwa hadi likawa kaa, kisha husuguliwa ndani ya kibuyu mpaka kuta zote zikashika unga mwororo wa mkaa. Maziwa huchemshwa, yakaachwa yapoe, yakamiminwa, kisha kibuyu kikafunikwa na kuwekwa mahali patulivu kwa siku kadhaa. Ni mkaa ule unaoyapa rangi ya kijivu na ile harufu ya moshi ambayo mtu aliyelelewa nayo huitambua akiwa mlangoni. Anayeifanya kazi hii hujua kibuyu kipi kimeanza kuharibu maziwa, kaa lipi limewaka kupita kiasi, na siku ipi mursik imeiva. Elimu yake hupokewa kwa kusimama karibu na mama au nyanya na kuitazama mikono yake. Hoja ya sura hii ni kwamba jamii inayochora ushindi wake bila kuchora kazi ya nyumbani iliyouzaa ushindi huo hupoteza sehemu ya historia yake, na kwamba hasara hiyo hulipwa na wanawake kwanza. Ili kuona kilichowezekana kufanywa, inafaa kwenda mbali kidogo, hadi mji mmoja uliochapisha jiko lake kwenye karatasi na kuliuza barabarani.

Mji huo ni Edo, ambao leo tunauita Tokyo. Katika karne ya 18 ulikuwa na watu wapatao milioni moja, na picha za kuchapishwa kwa mbao zilikuwa bidhaa ya kawaida ya madukani, bei yake ikikaribiana na ile ya bakuli la tambi. Mchapishaji aliyetoa mtaji ndiye aliyeagiza kazi. Msanii alichora kwa wino. Mchongaji aliubandika mchoro juu ya ubao wa mcheri wa mwituni na kuchonga kila mstari. Kisha mpigachapa alipaka rangi ubaoni, akalaza karatasi iliyotengenezwa kwa magome ya mforosadi na kuisugua kwa mkono. Tangu mwaka 1765, msanii Suzuki Harunobu alipoanza kutoa picha za rangi nyingi, kila rangi ilihitaji ubao wake, na alama ndogo zilizochongwa pembeni mwa mbao ndizo zilizohakikisha karatasi inakaa palepale kila inapopigwa. Mikono mingi na gharama kubwa viliingia katika ukurasa mmoja. Kwa hiyo uamuzi wa kuchora nini ulikuwa pia uamuzi wa biashara: mtu aliyechonga mbao nane au kumi kwa ajili ya mwanamke anayeshona alikuwa na hakika kwamba mjini kuna watu watakaolipa ili wamtazame mwanamke anayeshona.

Harunobu mwenyewe alitoa ushahidi mzito mnamo 1766 katika mfululizo wa picha 8 za chumbani. Kwa karne nyingi wachoraji na washairi wa China, na baadaye wa Japani, walikuwa wameyatukuza mandhari 8 ya mito ya Xiao na Xiang: mwezi wa vuli, mvua ya usiku, theluji ya jioni, kengele ya hekaluni wakati wa magharibi, na mengineyo. Yalikuwa mandhari ya wasomi. Harunobu aliyachukua yote manane akayaingiza ndani ya nyumba ya kawaida ya mjini. Mwezi ukawa kioo cha mwanamke anayetengenezwa nywele. Mvua ya usiku ikawa sauti ya birika linalochemka. Theluji ikawa pamba nyeupe ya hariri ambayo wanawake waliivuta juu ya kifaa maalumu ili iwe ya kutia ndani ya nguo za baridi. Kengele ya hekalu ikawa kengele ya saa. Mtazamaji angeweza kuichukulia kazi hiyo kama mzaha wa kisomi, na bila shaka wanunuzi wa kwanza walifurahia ufundi wa fumbo lake. Lakini ukiutazama mpango wote, unasema jambo kubwa: kwamba chumba ambamo mwanamke anafanya kazi kina uzito wa kutosha kubeba kila kitu ambacho wasomi walikuwa wamekitafuta milimani na mitoni.

Miaka isiyofika 30 baadaye, Kitagawa Utamaro alilipeleka wazo hilo jikoni. Katika picha yake ya kurasa mbili iliyochapishwa katikati ya miaka ya 1790, wanawake wanne wanaandaa chakula. Mmoja anapuliza moto kwa bomba la mwanzi. Mwingine anageuza uso na kukunja macho kwa sababu moshi na mvuke vinamjia. Wa tatu anamenya mboga kwa kisu. Wa nne anafuta chombo huku mtoto akimng'ang'ania mgongoni. Katika picha nyingine ya kurasa tatu, wanawake wanashona, na mmoja ameinua kitambaa chepesi mbele ya uso wake ili akikague, nasi tunamwona kupitia nyuzi zake, huku mtoto akimchokoza paka kwa kioo. Mchongaji alilazimika kutafuta njia ya kuuonyesha moshi, mvuke na wepesi wa kitambaa kwa ubao mgumu, na juhudi hiyo inathibitisha kwamba watengenezaji wa picha hizo waliihesabu kazi ya nyumbani kuwa mada inayostahili ufundi wao wote. Leo mtu anayetaka kujua mwanamke wa Edo alivyowasha moto, alivyojifunga mikono ya nguo asiiunguze, au alivyombeba mtoto akiwa kazini, anao ushahidi wa kutazama. Wanunuzi wa picha hizo walikuwa na majiko yao wenyewe, na mchoraji ambaye angekosea kifaa au mkao angeonekana mara moja.

Pingamizi la kwanza ni zito. Wachoraji hawa walikuwa karibu wote wanaume, na wanawake waliowachora wana nyuso zisizo na doa, shingo ndefu na mikono isiyo na malengelenge. Zaidi ya hayo, Utamaro huyohuyo alipata umaarufu mkubwa kwa kuchora wanawake wa Yoshiwara, mtaa wa madanguro ambako wasichana wengi walishikiliwa kwa madeni ya familia zao, na picha zake hazisemi neno juu ya madeni hayo. Je, tunaweza kuuita ushahidi uzuri uliotengenezwa kwa ajili ya soko? Jibu ni kwamba ushahidi una tabaka zaidi ya moja. Uso uliopambwa unatuambia kilichopendwa na mnunuzi. Bomba la mwanzi, kisu na mkanda wa kumbebea mtoto vinatuambia kilichofanyika. Tunachohitaji kujifunza kutoka kwa wachoraji hao ni uchaguzi wa wakati: walisimama kwenye dakika ambayo kazi inafanyika, wakati sisi tunasimama kwenye dakika ambayo kazi imekwisha. Na wanawake wenyewe hawakukosekana kabisa katika ufundi huo. Katsushika Ōi, binti wa mchoraji maarufu Hokusai, alichora picha za kitabu cha maarifa ya wanawake kilichotoka mwaka 1847, kitabu cha kutumiwa nyumbani kilichobeba mkono wa mtu aliyeyajua maisha ya nyumbani kwa kuyaishi. Dosari ya picha za Edo inatufundisha kwamba kalamu igawanywe. Haitufundishi kwamba jiko lisichorwe.

Kwetu, picha za wanawake zipo, lakini nyingi zimesimama mahali pengine. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimwagiza Joy Adamson awachore watu wa makabila ya nchi hii, naye akatoa mamia ya picha ambazo nyingi zimehifadhiwa na Makumbusho ya Kitaifa. Ni kazi ya bidii na yenye thamani kwa mtu anayetafiti mapambo na mavazi. Hata hivyo, waliochorwa humo kwa sehemu kubwa wametulia mbele ya mchoraji wakiwa na shanga na ngozi zao za sherehe, kila mmoja akiwakilisha kabila lake. Tunajua mwanamke alivaa nini alipokuwa akitazamwa. Hatujui mikono yake ilifanya nini alfajiri. Kwa upande mwingine, pwani ilitupatia leso, chapa ya kwetu iliyoanza kuenea mwishoni mwa karne ya 19 na ambayo imefika hadi Uasin Gishu, ambako humbeba mtoto, hufunika mkungu wa ndizi na kumsindikiza mama hospitalini anapokwenda kujifungua. Leso husema waziwazi juu ya ndoa, wivu, subira na majirani. Japani yenyewe, katika karne ya 20, ilichapa leso kwa wingi kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki. Lakini leso husema kwa maneno na maua. Mwanamke akiwa kazini haonekani juu yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeivaa.

Msanii wetu aliyekaribia zaidi kufanya walichofanya wachapaji wa Edo ni Rosemary Karuga. Alizaliwa 1928, akasomea sanaa Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, na akawa mwanamke wa kwanza kuhitimu katika shule hiyo ya sanaa. Kisha alifundisha kwa miaka mingi, na alipokaribia umri wa miaka 60 ndipo alipoirudia sanaa kwa nguvu zake zote. Rangi zilikuwa ghali, hivyo akachukua karatasi za rangi zilizofungiwa bidhaa za dukani, akazikata vipande vidogo na kuvibandika kimoja kimoja mpaka vikawa wanawake, watoto, mifugo na miti ya kijijini. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika Studio Museum ya Harlem, New York, akiwa mwanamke pekee katika maonyesho hayo ya wasanii wa Afrika. Alifariki Ireland mwaka 2021. Kinachogusa katika kazi yake ni kwamba mada na mali ghafi vilitoka chini ya paa moja: karatasi ambayo mama wa nyumbani angeitupa ndiyo iliyomchora mama wa nyumbani. Karuga anaondoa kisingizio kwamba hatuna nyenzo, hatuna mila ya kuchora, au kwamba maisha ya kawaida hayana picha ndani yake. Lakini vipande vyake vilikuwa nakala moja moja, vikaenda kwa watu wachache walioweza kuvinunua. Alichokosa ni kile alichokuwa nacho Utamaro: mchapishaji na soko la mtaani.

Pingamizi la pili hutoka kwa watu ambao hoja yangu inawahusu zaidi. Wanawake wa Kenya wamepigania darasa, ofisi, shamba lenye hati na kiti cha bunge. Kwa nini tena wachorwe jikoni? Je, picha nzuri ya mama akisugua kibuyu haitamwambia binti yake kwamba mahali pake ni hapo? Hofu hii ni ya haki, na picha nyingi za matangazo zimeipa sababu. Lakini tuangalie kinachotokea kazi hii inapokosa kuonekana. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia muda wa karibu mara 5 ya ule wa wanaume katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inautambua utunzaji wa nyumba na watoto kuwa mchango katika mali ya familia. Na Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Mchango wa kila mmoja lazima uthibitishwe. Mtu aliyelipa karo au kununua bati ana risiti. Aliyechota maji, akakamua, akapika na kuuguza watoto kwa miaka 20 ana nini cha kuonyesha? Sisemi kwamba mchoro utapelekwa mahakamani kama kielelezo. Nasema kwamba mahakimu, mawakili, waume na wake huingia katika chumba cha mahakama wakiwa na picha fulani vichwani ya kazi ni nini, na picha hizo zimetoka mahali fulani. Jamii ambayo haijawahi kuiona kazi ya nyumbani ikichorwa kama kazi itauona ushahidi wake kuwa mwembamba.

Wala kuichora kazi ya nyumbani hakujawahi kuwa sawa na kumfungia mwanamke ndani yake. Mary Cassatt, Mmarekani aliyeishi Ufaransa, aliona maonyesho makubwa ya chapa za Japani mjini Paris mwaka 1890, kisha akatoa chapa 10 za rangi: mama anamwogesha mtoto, mwanamke anafunga barua kwa ulimi, mwingine anapimwa nguo na mshonaji. Mwaka 1915 kazi za Cassatt huyohuyo zilionyeshwa New York kuchangia harakati za wanawake kupata haki ya kupiga kura. Hakuona mgongano wowote, na haukuwepo. Mtu anayedai kwamba wanawake wahesabiwe kuwa raia kamili ana sababu kubwa kuliko mtu yeyote ya kudai kwamba wanachokifanya tayari kihesabiwe. Kinachomfunga mwanamke jikoni ni dhana kwamba yanayofanyika humo hutokea yenyewe, na dhana hiyo hustawi pale ambapo hakuna anayeyatazama.

Pingamizi la tatu litasema kwamba mbao na rangi zimepitwa na wakati, kwa kuwa kila mtu ana simu yenye kamera. Ni kweli kwamba hatujawahi kuwa na picha nyingi kama sasa. Lakini fungua simu ya familia yoyote uone kilichopigwa: harusi, sherehe ya mahari (koito), mahafali, ubatizo, mgeni aliyetoka ng'ambo. Tunapiga picha siku ambazo tumevaa vizuri, na ndivyo kamera za uwanja wa ndege zinavyofanya kwa kiwango cha taifa. Simu haijabadilisha tunachokiona kuwa cha maana. Imetuwezesha kukirudia mara elfu. Tena picha ya simu hubaki mali ya mwenye simu na hupotea pamoja nayo, ilhali chapa iliyouzwa kwa mamia ilikuwa mali ya mtaa mzima, ikabandikwa ukutani, ikajadiliwa, na nakala chache zikanusurika kwa sababu zilizochapwa zilikuwa nyingi. Na haraka ipo. Mursik sasa inauzwa madukani mjini ikiwa imepakiwa, jambo ambalo ni riziki kwa wanaoiuza na nafuu kwa wasio na muda. Pia ni dalili kwamba mnyororo wa binti kusimama karibu na nyanya unalegea, na mkono usiochorwa ukiondoka huondoka na elimu yake.

Eldoret inafaa kuanza kazi hii kuliko miji mingi. Ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, na jiji jipya huwa linachagua litakachokibandika kwenye kuta zake. Kipchoge Keino, aliyeshinda mita 1,500 Mexico mwaka 1968 na mbio za kuruka viunzi na maji Munich mwaka 1972, ana uwanja wenye jina lake, na ni sawa. Lakini yeye na mkewe Phyllis waliwalea pia watoto yatima kwa miongo mingi katika nyumba yao ya hapa Eldoret, na ni nani anayeweza kueleza, kwa picha, kupikia watoto wale wote kulihitaji nini kila alfajiri? Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex mwaka 2007, na mwaka 2019 kikazinduliwa upya kikiwa na mitambo mipya ya kusokota, kufuma na kuchapa vitambaa. Hivyo basi mji huu una mchapishaji anayewezekana, una wanafunzi, na una wanunuzi ambao tayari huvaa chapa kila siku. Leso inayoonyesha hatua za kutengeneza mursik, iliyochorwa na wanawake wanaoijua kazi hiyo na kulipwa kwa michoro yao, ingeuzwa sokoni kwa bei ya leso na kuingia katika nyumba ambazo hazitawahi kununua mchoro.

Hilo ni pendekezo moja, na wengine watapata bora zaidi: kitabu cha shule, mabango ya kituo cha matatu, chapa za mbao zilizochongwa na wanafunzi wa sanaa. Umbo lake si muhimu kama kanuni inayoliongoza. Anayechora achague dakika ambayo mikono iko kazini. Aonyeshe kifaa na mkao kwa usahihi ambao mwenye kazi hataukataa. Kalamu iwe pia mikononi mwa wanawake. Na nakala ziwe nyingi na za bei ya mwananchi. Wafanyabiashara wa Edo walitimiza masharti mawili ya kwanza na la mwisho kwa sababu ya faida tu, na bado wakaiachia nchi yao kumbukumbu ya nyumbani ambayo kumbukumbu za watawala wake, mashogun, hazikuwa nayo. Sisi tunayo sababu nzito kuliko faida. Tunajua kwa takwimu kiasi cha kazi hii, sheria yetu imekubali kwamba ni mchango, na mahakama yetu ya juu kabisa imesema ithibitishwe. Nchi inayodai uthibitisho wa kazi ya wanawake ina wajibu wa kuitazama, na kuitazama huko kuanze kwa kuichora.